Udongo wa Chini ya Dirisha la Zita

Lackawanna, karibu na Buffalo,
New York.
Jumatano, tarehe 21 Oktoba 2015.

Mpendwa mpwa wangu Nyirabeza,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani kwetu, na kupitia kwako namsalimu mume wako Bisogo na wote walio chini ya paa lenu huko Jeffersontown, Louisville. Hamjambo? Miguu yako iliyokuwa ikivimba imetulia? Mtoto aliye tumboni anacheza? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalokataa ngazi tangu baridi ilipoanza kuingia. Mwanangu Ezéchias na mkewe Umutoni wapo, na kazi zao zinaendelea. Kuhusu binti yao Spés siwezi kuandika kwamba hajambo, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Sasa nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Weka barua mezani. Iendee ile ndoo nyeupe ya udongo uliyopewa kwenye harusi ya kijana wetu Olivier kule Columbus, mwezi wa Agosti. Kama kuna ng'ombe waliokwisha kufinyangwa, waingize wote katika mfuko wa plastiki polepole, wasivunjikie mikononi mwako. Ifunike ndoo, uizungushie selotepu, uitoe mahali wanapoketi watoto. Usifagie vumbi, lifute kwa kitambaa chenye maji. Nawa mikono kwa sabuni, na kucha pia. Kisha rudi ukae, nikueleze.

Utashangaa kwa nini mjomba wako anashika kalamu wakati simu ipo. Simu nimepiga tangu Ijumaa. Jumapili baada ya ibada aliipokea Bisogo, nikamweleza habari yote, naye akacheka. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Bon, Mjomba, siye wote tulikula udongo kule Minembwe. Donc tulikufa? Hawa wazungu wanaogopa hata vumbi." Nikamwambia akupe simu, akajibu kwamba umelala, umechoka. Nikamwambia basi akufikishie ujumbe. "Ntamwambia, Mjomba, usijali." Tangu siku hiyo simu yenu inaita mpaka inakatika. Sijui kama ujumbe ulikufikia. Mtu anayecheka namna ile husahau upesi.

Barua yako ya mwezi uliopita ilinifurahisha. Imeandikwa vizuri kuliko ile ya mwaka jana, ingawa bado una tabia ya kuanza sentensi mpya kabla hujaimaliza ya kwanza. Uliniambia kwamba akina mama wa kanisa lenu wanaokwenda kazini katika maghala ya hapo wamekukabidhi watoto wao wadogo, nawe hutaki kuwaketisha tu mbele ya televisheni. Unataka wajue herufi, kuhesabu na kazi za mikono kabla hawajaingia shule. Uliniambia pia habari za Aganze, mtoto wa Patricia, ambaye hataki kumwachilia ng'ombe wake wa udongo hata anapolala. Uliposoma wingi wa maneno yangu ya furaha katika jibu langu la kwanza, hukujua, nami sikujua, kwamba habari hiyo ya Aganze ingenirudia baadaye na kuninyima usingizi.

Ukaniomba nikukusanyie vifaa vya kufundishia. Wazo lako ni jema na sikuambii uliache. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa vidole kabla ya kujifunza kwa masikio. Nilifundisha Uvira, nikafundisha Minembwe, na sijaona jambo lililonifanya niamini vinginevyo. Lakini kila kinachopita vidoleni mwa mtoto hupita kinywani mwake, na hapo ndipo tulipolala sisi wa Buffalo.

Zita ulimwona harusini. Ni yule mwanamke mrefu wa Bukavu aliyevaa kitenge cha kijani, ndiye aliyekukabidhi ndoo. Anakaa ghorofa ya chini ya nyumba hii, sisi tunakaa juu. Kwao alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Hapa, Umutoni alipopata kazi ya kuwatunza wazee na kukosa mtu wa kumwachia Spés, Zita alimpokea. Baadaye wakaongezeka watoto wa majirani, sebule yake ikawa darasa.

Hakuwa na kifaa hata kimoja, lakini sijaona mtu anayejua kukusanya kama yeye. Mume wake Murhula alimletea katoni kutoka ghalani anakofanya kazi, zikakatwa zikawa mbao za kuandikia. Trei za mayai zikawa vyumba vya maharage ya kuhesabia. Vifuniko vya chupa viliandikwa irabu. Mabaki ya vitenge kutoka kwa mshonaji wetu wa kanisani yakawa maduara, miraba na pembetatu. Mimi nilikata herufi kutoka katika maboksi ya nafaka za asubuhi, herufi kubwa zilizonyooka, zisizo na mikia ya mapambo. Watoto wakanipa jina la Babu Mkasi, nami nililikubali.

Kilichopungua kilikuwa udongo wa kufinyanga. Ule wa rangi unaouzwa madukani ulikuwa unakauka upesi na kuwa kama makombo ya mkate. Tena Umutoni alimwambia Zita kwamba watoto wa milimani kwetu hawajui mchezo usio na ng'ombe. Unakumbuka mwenyewe jinsi mlivyokuwa mkifinyanga makundi mazima kando ya kijito, kila ng'ombe na jina lake, na jinsi mlivyopigana kwa sababu ya fahali mmoja. Zita, ambaye kwao si wafugaji kama sisi, alisema, "Basi munifundishe. Ntakuwa mchungaji hapa Amerika." Akachukua koleo dogo akatoka uani.

Uani petu ni changarawe na majani magumu, isipokuwa ukanda mmoja wa ardhi chini ya dirisha la jiko la Zita, mahali ambapo hapajawahi kuota kitu tangu tuhamie. Udongo wa hapo ni laini na unashikana vizuri. Ulikuwa na vipande vidogo vyeupe ndani yake, mfano wa magamba ya samaki. Watoto walivipenda kuliko udongo wenyewe. Walivichokoa kwa kucha, wakavibandika kwenye ng'ombe: hivi vikawa macho, hivi vikawa mabaka ya ubavuni.

Nyumba hii ilijengwa zamani, wakati viwanda vya chuma vya hapa vilipokuwa vinawaka mchana na usiku. Kuta zake za mbao zimepakwa rangi, zikapakwa tena juu ya ile ya kwanza, na tena juu ya hiyo. Kila baridi ikiisha, rangi hubanduka na kuanguka chini ya madirisha. Magamba yale yalikuwa rangi ya nyumba. Sote tulikuwa tukiyaona kila siku tulipokuwa tunatoa takataka.

Nilikuwa nikishuka kuwakagua ng'ombe wale kama mnunuzi mnadani. Niliwaambia watoto kwamba pembe ni fupi mno, kwamba ng'ombe wa kwetu hana pembe za mbuzi. Spés aliongeza udongo kwenye pembe, akaulainisha kwa ulimi, akaninyooshea nimtazame. Walipangwa kwenye kizingiti cha dirisha wakauke, vichwa vyote vikielekea nje.

Tuliporudi kutoka Columbus ndipo mtoto alipoanza kubadilika. Alilia tumbo. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Alikuwa mtoto wa kucheka, akawa wa kukasirika. Alikuwa akilala kama gogo, akawa anaamka na kukaa tu kitandani. Umutoni alidhani ni uchovu wa safari. Mimi nilidhani ni minyoo. Kisha mtoto mwingine wa darasa la Zita akaanza vivyo hivyo, na hapo watu wakaacha kudhani.

Wewe unajua, mwanangu, neno linalotangulia kwetu mtoto anapolia tumbo na dawa ya hospitali isimtulize. Husemwa kwamba kuna mkono wa mtu. Husemwa amelishwa sumu. Hatukuliacha neno hilo mpakani, tulisafiri nalo. Mama Mariya, ambaye sauti yake ndiyo ya kwanza katika kwaya na ya kwanza katika mambo mengine yote, alileta dawa ya kutapisha, mizizi iliyotumwa kutoka Uvira. Nilikataa asipewe mtoto. Sikusikilizwa, siku hizi mzee husikilizwa anapofunga kikao kwa sala tu. Spés alitapika mpaka akabaki ameegemea ukuta, na tumbo halikupona.

Basi Jumamosi moja alasiri akina mama waliteremka kwa Zita. Nilikuwapo, nimeketi na mkasi wangu. Zita alikuwa amepiga magoti sakafuni akiokota maharage. Mama Mariya hakusalimu.

"Mama Zita, mutoto huyu analia tumbo kila siku, na anakula wapi muchana? Kwako tu. Siye tunajua hii kitu. Tulitoka nayo kwetu."

Zita hakuinua kichwa. "Munajua kitu gani? Sema jina lake."

"Unataka niseme?"

"Sema. Mbele ya Mwalimu."

Mama Mariya aliniangalia, kisha akasema, "Kunywa kwenye kikombe chake. Tuone."

Desturi hiyo unaijua mwenyewe. Anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, na asiyetaka kuonja amejihukumu. Zita aliinuka. Alichukua kikombe kidogo cha Spés, chenye uji wa mchana uliobaki, akakinywa chote, akakigeuza juu chini mbele yao, tone lisidondoke.

"Bon. Na sahani nilambe? Na sufuria? Umutoni, niletee na kijiko cha mutoto, nikitafune."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, hata Mama Mariya. "Wewe Mama Zita una kinywa!" alisema. "Kinywa kimeshiba uji wa bure," Zita akamjibu. Umutoni alimkumbatia huku analia. Waliimba wimbo, wakaombana radhi, nami niliona kwamba haki imetendeka na amani imerudi katika nyumba.

Na muda wote huo, Nyirabeza, Spés alikuwa ameketi chini ya dirisha, ng'ombe wake mkononi, akinyonya pembe. Niligeuka nikamwona tulipomaliza kuimba, nami nikatabasamu. Hakuna aliyemkataza. Sote tulikuwa tumekitazama kikombe, na kikombe kilikuwa safi.

Jumatatu iliyofuata watoto wote walirudishwa kwa Zita kwa furaha, wakaendelea kufinyanga.

Mapema mwezi huu Spés alipimwa damu, kama wanavyopimwa watoto hapa kabla ya shule. Muuguzi alipiga simu kabla ya jioni. Alisema katika damu ya mtoto kumeonekana plomb, yaani madini ya risasi, na kwamba tumlete hospitali tusingoje kesho. Zamani watu walikuwa wakiyatia madini hayo katika rangi za nyumba. Rangi ikizeeka huwa magamba, magamba huwa vumbi, na mtoto hulila vumbi hilo bila kujua.

Akaja mtu wa afya, kijana mpole, na kifaa mkononi kama mashine ya fundi wa kutoboa ukuta. Alikielekeza mlangoni, akaandika. Akakielekeza kwenye fremu ya dirisha, akaandika tena. Kisha akawaona ng'ombe. Kwa kupitia mkalimani wa simu aliuliza wametengenezwa na nini, na Zita akamwonyesha, kupitia kioo, mahali alipochimba. Yule kijana alitoka akaliendea gari lake. Nilidhani ameondoka. Alikuwa amefuata glavu. Alizivaa kwanza, ndipo akamwinua ng'ombe mmoja kwa vidole viwili, kama mtu anayemwokota nyoka asiyejua kama amekufa kweli.

Aliuliza swali moja: je, watoto huwatia kinywani? Spés ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake, kwa furaha ya mtoto anayejua jibu darasani. Alisema ndiyo, na kwamba macho yao ni matamu.

Daktari hakutudanganya, na sitakudanganya. Madini haya yakiingia hukaa. Hujificha mifupani, hugusa ubongo. Maziwa, mboga za majani, nyama na maharage humsaidia mtoto asiyanyonye zaidi, na kumtoa mahali palipo na vumbi ndiyo dawa ya kwanza. Kutapisha hakusaidii kitu, humdhoofisha tu. Atapimwa tena na tena. Kuhusu kilichokwisha kuharibika, daktari alisema hajui kama kitarudi, na alilisema hilo akimtazama Ezéchias usoni, jambo ambalo nilimheshimu kwalo.

Katika majira ya kiangazi Spés alikuwa akihesabu kundi lote la dirishani bila kukosea. Sasa nikimpangia maharage huanza vizuri, kisha katikati hunyamaza na kulitazama dirisha, kana kwamba amemsikia mtu huko nje. Nikimwita hugeuka. Nikimwambia tuanze upya, huanza upya, na hunyamaza palepale.

Majibu ya watoto wenzake yanaingia moja moja. Mpaka leo ninapoandika halijaingia jibu lililo safi.

Mama Mariya anasema sasa kila anapokaa: "Nilisema mimi. Kile kikombe kilikuwa muchezo." Ukimweleza habari za rangi na udongo husikiliza, hutikisa kichwa, halafu huuliza ni nani aliyeuchimba. Mwenye nyumba ameambiwa atengeneze, naye hajaonekana. Zita hatoki. Murhula anatafuta kazi katika mji mwingine wowote, mradi usiwe na kanisa letu.

Pamoja na hayo, Ijumaa iliyopita nilisikia hatua ngazini. Alikuwa Zita, na nyuma yake Murhula akimvuta mkono na kumnong'oneza, "Nyamaza, mama. Unajitafutia na lawama ya Louisville tena?" Hakunyamaza. Alisimama mlangoni pangu, akaniambia, "Mwalimu, ile ndoo ya Columbus." Sikuelewa mara moja. Akaniambia tena, nami nikaishika simu.

Udongo wako ulichimbwa mahali palepale. Alikuambia harusini kwamba ni zawadi ya mwalimu kwa mwalimu, na alisema kweli. Kwa kuwa ilikuwa zawadi, aliuanika, akaupondaponda, akauchekecha kwa chekeche lake la unga ili watoto wako waupate ukiwa laini. Kwa hiyo usitafute magamba meupe humo. Hutayaona. Amekwisha kuyasaga bila kujua, na sasa yamo kila mahali katika ndoo. Alinieleza haya yote akijua yatakayosemwa juu yake. Nataka ukumbuke hilo utakaposikia jina lake likitajwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo si desturi mjomba kumwandikia mpwa wake aliyeolewa. Siku ile ya Columbus, karibu na nyumba anayopanga Olivier kule upande wa chuo kikuu, mlipokuwa mkipakia vitu garini, ulifungua ndoo. Ulivunja bonge dogo, ukalitia chini ya ulimi, ukafumba macho. Ulidhani hakuna aliyekuona. Nilikuona mimi, nimeketi kwenye ngazi na sahani yangu.

Sikukukemea. Marehemu mama yako, dada yangu, alipokuwa na mimba yako alikuwa akitembea na udongo aliouficha kwenye pindo la kitenge, na marehemu mama yetu kabla yake. Wanawake wa kwetu wamekula udongo wa kwetu kwa vizazi, na sina neno juu ya hilo. Harufu ya ndoo ile ilinifikia hata mimi pale nilipoketi, harufu ya Minembwe mvua inapokatika, nami nikasema moyoni, mwache mtoto wa watu aonje nyumbani. Lakini haikuwa nyumbani. Ilikuwa Lackawanna.

Nilimwuliza daktari, bila kutaja jina, habari za mama mja mzito. Aliacha kuandika. Akasema kilichomo katika damu ya mama humfikia mtoto tumboni, na kwamba mama huyo apimwe leo, si wiki ijayo. Nakuuliza kama mama yako angekuuliza: uliishia kwenye lile bonge moja, au uliendelea? Usimwogope Bisogo, wala usinionee mimi haya. Mweleze daktari ukweli wote, uanzie na ndoo.

Kisha watoto. Wote unaowafundisha wapimwe damu, bila kumwacha hata yule asiyelia tumbo, kwa sababu Spés alikuwa amekwisha kujaa madini hayo kabla hajalia. Aganze awe wa kwanza.

Najua unachoogopa, kwa kuwa ndicho nilichokiona hapa. Unajua mama atakayesikia neno sumu nyumbani kwako atakavyokutazama. Watawaondoa watoto wao. Baadhi hawatakusalimu kanisani. Ungeweza kuimwaga ndoo jalalani, kuwapa watoto penseli, na kukaa kimya, na labda hakuna ambaye angejua mpaka mtoto mmoja afike shule na kushindwa kuhesabu. Nakukataza. Waite leo, uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Na kama kuna atakayekuambia unywe kwenye kikombe cha mtoto, usinywe. Mwambie kikombe hakina kosa, umpeleke akaione ndoo.

Usiimwage mahali popote. Olivier atakuja kutoka Columbus Jumamosi kuichukua, awakabidhi watu wanaojua pa kuiweka.

Kuhusu vifaa ulivyoniomba, nimekutumia kifurushi kipya, na vyote nimevikusanya mbali na nyumba hii, katika ukumbi wa kanisa. Humo kuna herufi zako, irabu kwa kadi nyekundu na konsonanti kwa kadi ya bluu. Trei za mayai ni mpya, sikuzitoa kwa Zita. Kuna mikasi isiyo na ncha, uzi, vifungo vikubwa ambavyo mtoto hawezi kuvimeza, na vipande vya kitenge vilivyofuliwa. Maharage utanunua mwenyewe.

Ng'ombe nimekutengenezea wa unga. Ni unga wa ngano, chumvi na maji, hukandwa mpaka usishike mikono, kisha ng'ombe huokwa kwa moto mdogo hadi walie kama kuni ukiwagonga. Mtoto akilamba pembe ataonja chumvi, ataacha mwenyewe. Pembe ni ndefu inavyopasa. Sikuwatia macho wala mabaka. Nilishika brashi, nikairudisha. Spés aliwaangalia kwa muda mrefu walipokuwa wakipoa. Akaniuliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili, "Babu, hawa wanaonaje njia?" Nimewafunga kwa karatasi vivyo hivyo.

Msalimie Patricia, na kwa ajili ya mwanawe umsomee barua hii bila kuruka mstari. Umsalimie mama mkwe wako, na Mchungaji wenu, na akina mama wote waliokuamini. Umutoni anakusalimu, angetaka kuandika lakini leo yuko hospitali na mtoto kwa kipimo kingine. Zita hakuniomba nikufikishie salamu zake, aliona hastahili. Nakufikishia mimi.

Mungu aliyewavusha katika misitu na mipaka asiwaache mkiwa ndani ya nyumba zenu wenyewe. Awalinde wale wasioweza kujilinda, na yule ambaye bado hajazaliwa awe wa kwanza.

Wako akupendaye,
mjomba wako,
Ruhimbika.

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nimeifungua tena. Bisogo amepiga simu. Safari hii hakucheka. Alikuwa anatafuta ufunguo wa gari katika mkoba wako, akakuta humo kitenge chako chenye fundo pindoni, na ndani ya fundo udongo. Ameniuliza swali moja tu: "Mjomba, kidogo kila siku, ni sawa na kula?" Nimempigia Olivier asingoje Jumamosi, na amekwisha kutoka Columbus. Atafika kabla ya barua hii. Hata hivyo naituma, akina mama wapate kusomewa. Nimemwambia Bisogo akuambie: Olivier akipiga honi, toka, mwanangu, usimfiche kitu. Mpitieni Aganze njiani mnapokwenda hospitali.